Kwa Nini Picha Nyingi za Nyota Majitu Huchorwa Badala ya Kupigwa?

Bila shaka umewahi kuiona: nyota kubwa nyekundu inayofoka ndimi za moto, sayari ndogo nyeusi ikipita mbele yake, na mawingu ya zambarau yametanda nyuma. Ukisoma maandishi madogo chini ya picha, mara nyingi utakuta kwamba ni kazi ya msanii. Hakuna kamera iliyoiona nyota hiyo hivyo. Je, msanii alijuaje achore nini?

Tuanze na sababu ya kamera kushindwa. Chukua Ibuti la Jauza, yaani Betelgeuse, nyota ya rangi ya chungwa iliyo begani mwa Jabari (Orion), kundi la nyota linalochorwa kama mwindaji. Kipenyo chake ni zaidi ya mara 700 ya kile cha Jua. Ingekaa mahali pa Jua, ingezimeza Utaridi, Zuhura, Dunia na hata Mirihi. Lakini iko mbali nasi kwa miaka ya nuru mia kadhaa (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja), kiasi kwamba ungelazimika kupanga Betelgeuse kama 40,000 kwa mstari mmoja ili ziufikie upana wa Mwezi tunaouona angani. Kwa darubini nyingi ni nukta ya mwanga, basi.

Wanasayansi waliupima upana wake kabla hawajaweza kuipiga picha. Mwaka 1920, kwenye kilele cha Mount Wilson huko California, Albert Michelson na Francis Pease walifunga boriti ya chuma yenye urefu wa mita 6 juu ya darubini kubwa kuliko zote za wakati huo. Vioo kwenye boriti hiyo vilinasa mwanga wa nyota kutoka sehemu mbili, kisha mwanga huo ukaunganishwa ili utoe mistari myembamba ya nuru na giza. Walipovitenganisha vioo zaidi, mistari ilififia hadi ikapotea, na umbali huo wa kupotea ndio uliowapa ukubwa wa nyota. Picha halisi ya uso wake ilisubiri darubini ya Hubble, mwaka 1995. Ilionyesha doa lenye ukungu na sehemu moja iliyong'aa kuliko nyingine. Ukiipachika karibu na mchoro wowote wa nyota jitu, utaelewa mara moja kwa nini wahariri hupenda mchoro.

Mwaka 2024 pengo hilo lilionekana waziwazi. ESO, shirika la Ulaya lenye darubini zake nchini Chile, lilitangaza picha ya karibu ya WOH G64, nyota iliyo nje kabisa ya galaksi yetu, umbali wa miaka ya nuru 160,000. Picha yenyewe, iliyopatikana kwa kuunganisha mwanga wa darubini kadhaa, ni umbo la yai lenye ukungu, na huo ni mwanga wa vumbi linaloizunguka nyota. Pamoja nayo ulitolewa mchoro wa msanii, safi na wenye kina. Umbo la yai katika mchoro lina ushahidi nyuma yake. Mikunjo midogo ya gesi ni ya msanii.

Kwa hiyo msanii mzuri habuni kila kitu. Anapewa joto la uso, ambalo husomwa katika rangi za mwanga wa nyota. Anapewa ukubwa, na wakati mwingine umbo la vumbi. Anaweza pia kupewa mapovu, na hapa ndipo wengi hukosea. Uso wa Jua umejaa mamilioni ya mapovu ya gesi yanayochemka, kila moja likiwa na upana wa kilomita elfu moja na zaidi. Wasanii huchukua sura hiyo na kuikuza tu. Lakini picha za Pi1 Gruis, jitu lenye upana wa mara 350 hivi ya Jua, zilizochapishwa mwishoni mwa 2017, zilionyesha mapovu machache mno, kila moja likiwa na upana wa kilomita milioni 120 hivi, karibu robo ya nyota yenyewe. Jitu jekundu lenye vipele vidogo vidogo kama Jua ni kosa, hata likipendeza vipi.

Kosa la pili ni rangi. Uso wa Betelgeuse una nyuzi joto za Selsiasi kama 3,300. Waya wa balbu ya zamani, ile iliyotoa mwanga wa manjano, ulifikia 2,400 hivi tu. Ukiikaribia nyota hiyo, isingekuwa nyekundu kama damu. Ingekuwa manjano hafifu inayopofusha macho. Wekundu wa mchoro unatokana na jina "jitu jekundu" na hamu ya kutisha.

La tatu ni ukingo. Wachoraji huipa nyota duara lililokatwa vizuri, utadhani ni mpira. Betelgeuse ina uzito wa Jua kama mara kumi na kitu, lakini uzito huo umesambaa mahali pakubwa mno, hivyo kwa wastani gesi yake ni nyepesi kuliko hewa tunayovuta, kwa maelfu ya mara. Haina mpaka. Inazidi kuwa hafifu polepole kuelekea nje, huku ikitema gesi inayopoa na kuwa vumbi. Wingu kama hilo lilichangia kuififisha mwishoni mwa 2019 na mapema 2020, hadi watu waliozoea anga wakaona tofauti kwa macho matupu. Kuuchora ukingo usiokuwepo ni kazi ngumu, na sijaona wengi walioiweza.

Sasa wachoraji wana kielelezo kipya. Katikati ya 2023, darubini za ALMA nchini Chile ziliitazama R Doradus, jitu lililo umbali wa miaka ya nuru 180 hivi, mara kadhaa ndani ya mwezi mmoja. Mapovu yenye ukubwa wa mara 75 ya Jua yalionekana yakipanda na kuzama, tena kwa kasi kuliko ilivyotarajiwa. Uzito wa R Doradus unakaribia ule wa Jua, kwa hiyo anayetaka kulichora Jua la miaka bilioni 5 ijayo anaweza kuanzia kwenye picha hizo.