Geti la Chuo Halisimamishi Sheria ya Barabarani

Kila mwaka wa masomo unapofunguliwa, mvua za Mbeya nazo huwa zimeshakaribia, na malalamiko yanayofika ofisi yetu ya usalama chuoni huongezeka. Safari hii wanaolalamika zaidi ni wakazi wa mitaa inayotuzunguka. Wanasema pikipiki za wanafunzi zinapita kwa kasi mbele ya shule za msingi, zinabeba mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, na nyingine hazina taa. Kwa sababu hiyo, kuanzia muhula huu hakuna pikipiki, bajaji wala gari la mwanafunzi au mtumishi litakaloingia bila stika ya chuo. Naomba nieleze utaratibu, kwa kuwa yanayosemwa mabwenini siyo tuliyoyatangaza.

Wapo wanaoamini kwamba ukishavuka geti umetoka kwenye mikono ya trafiki. Si kweli, na sioni kwa nini jambo hili liendelee kubishaniwa. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, iliyotungwa mwaka 1973, inaangalia kama umma unapita mahali hapo. Haiulizi nani aliyelipia lami. Barabara yetu kutoka getini hadi maktaba inapitwa na mama lishe, wageni, magari ya mizigo na watoto wa watumishi. Mlinzi wa chuo hawezi kukuandikia faini ya polisi, hana mamlaka hayo. Anachoweza ni kukizuia chombo, kuchukua maelezo yako na kupeleka taarifa. Polisi wakiitwa wataingia, na kosa litashughulikiwa kama lingetokea mjini Mwanjelwa.

Tumeulizwa pia kwa nini ndani tumeweka kikomo cha kilomita 30 kwa saa wakati kwenye makazi sheria inaruhusu 50. Kwa mwendo wa 50 unasafiri karibu mita 14 kila sekunde, na hata dereva makini hutumia kama sekunde moja kabla ya kuanza kushika breki. Mita 14 zimekwisha na mwendo haujapungua hata kidogo. Kwa 30 ni kama mita 8. Tena umbali wa kusimama baada ya breki kushika haukui sambamba na mwendo: mwendo ukiwa mara mbili, umbali huo unakuwa kama mara nne. Hapo lami ni kavu. Kwenye lami iliyolowa na ukungu wetu wa asubuhi, hali ni mbaya zaidi.

Kupata stika hakuna gharama. Lete kadi halisi ya chombo, leseni yenye daraja linalolingana na unachoendesha (pikipiki ni daraja A, leseni ya gari peke yake haitoshi), bima iliyo hai, na kitambulisho cha chuo. Mwenye pikipiki alete na kofia ngumu mbili. Chombo kitakaguliwa taa, breki, matairi, honi na vioo. Kikionekana na kasoro utapewa karatasi yenye kasoro hizo, utatengeneza na kurudi nayo. Bila karatasi hiyo ukaguzi unaanza upya, kwa hiyo itunzeni.

Katika ukaguzi wa majaribio ililetwa pikipiki iliyong'arishwa vizuri sana. Vioo vya pembeni vilikuwa vimeondolewa, kibao cha namba kimekunjwa juu, tairi la nyuma limekuwa kipara, na breki ya mbele ukiiminya inafika hadi kwenye usukani bila kushika. Kijana mwenyewe alivaa kofia ya bei nzuri, lakini kifungo cha mkanda wa kidevuni kilikuwa kimevunjika na mkanda unaning'inia. Kofia isiyofungwa inaweza kutoka kichwani kabla kichwa hakijafika chini. Funga mkanda, kisha pitisha vidole viwili chini yake. Vikipita zaidi ya viwili, kaza. Abiria naye afunge vivyo hivyo. Kofia si ya dereva peke yake, na hilo sitalieleza zaidi.

Kuhusu faini: kwa pikipiki na bajaji ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa moja katika bajeti ya mwaka 2021/22. Zingatieni maneno "kosa moja". Kukosa kofia ni kosa, kuzidisha abiria ni kosa jingine, na yanaweza kuandikwa yote kwa siku moja. Mkiandikiwa, lipeni kwa namba ya kumbukumbu ya malipo iliyo kwenye karatasi, ndani ya muda ulioandikwa. Msimpe mtu fedha mkononi.

Wanaovuka barabara kuu ya kwenda Zambia (TANZAM) kwa miguu nawaomba uvumilivu. Kivuko ni haki yako, lakini lori lililoshuka mlima na mzigo wa kwenda mpakani Tunduma linaweza kuwa na breki zilizopata moto. Subiri lisimame kabisa ndipo ukanyage lami.

Ajali ikitokea na mtu ameumia, dereva asimame na polisi wapewe taarifa. Majeruhi akimbizwe hospitali, mwingine afuatilie PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, kituoni. Acheni kumalizana pembeni kwa elfu hamsini. Tumeona mtu anasema hajambo, usiku hali inabadilika, na hakuna kumbukumbu yoyote ya ajali.

Limebaki suala la pikipiki za kurithishana. Wanaohitimu huwauzia wadogo zao wa mwaka wa kwanza, fedha inatolewa, kadi inabaki na jina la mwenye zamani. Deni la faini linafuata namba ya chombo, kwa hiyo unaweza kununua na madeni usiyoyajua, na muuzaji naye anaweza kutafutwa kwa ajali asiyoihusu. Kabla ya kulipa, angalia deni la namba hiyo kwenye mfumo wa polisi, andikianeni mkataba wa mauziano, kisha nendeni Mamlaka ya Mapato (TRA) kubadilisha umiliki. Ambaye alishanunua bila kufanya hivyo amtafute muuzaji wiki hii, kabla hajapangiwa kazi mbali na hajabadilisha namba ya simu.