Je, wajua jina la mateka wa Vita vya Pili vya Dunia aliyefia porini lilifikaje kwenye kaburi lake?

Kanchanaburi, nchini Thailand, kuna makaburi ya wanajeshi yaliyopangwa safu kwa safu juu ya nyasi fupi. Hayana mawe marefu ya kusimama. Kila moja lina kitako kifupi chenye kibao cha shaba: namba ya askari, jina, kikosi, tarehe ya kufa, umri. Tarehe nyingi ni za mwaka 1943. Umri nao unajirudia: 22, 24, 23. Chini kabisa, kwenye baadhi ya vibao, kuna maneno machache yaliyochaguliwa na wazazi.

Kwa muda mrefu niliamini vibao vile ni vya heshima tu. Nilidhani mateka wa vita akifia kambini kwa adui hutupwa shimoni pamoja na wenzake, kisha serikali ya kwao huja baadaye kupanga majina juu ya ardhi tupu. Nilikosea, tena sana. Chini ya vibao vingi yumo yule yule aliyeandikwa. Wala hakufia hapo mjini. Wengine walifia porini zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo, wakazikwa huko huko, na baada ya vita wakafukuliwa na kuletwa. Nilikosea pia kudhani kwamba majina yalitoka kwenye madaftari ya Wajapani. Sehemu kubwa ya kazi ile ilifanywa na mateka wenyewe, kwa siri, huku wakifa njaa.

Singapore, iliyokuwa koloni la Uingereza, iliangukia mikononi mwa Wajapani Februari 1942. Mateka zaidi ya 60,000, wengi wao Waingereza, Waaustralia na Waholanzi, walipelekwa kujenga reli ya kilomita 415 kati ya Thailand na Burma (Myanmar ya leo). Ilipounganishwa Oktoba 1943, maelfu walikuwa wameshakufa kwa njaa, kipindupindu, malaria, kuhara damu na vipigo. Hadi vita vinakwisha, waliokufa walizidi 12,000.

Sasa, jina lilifikaje kaburini? Fikiria unamwelekeza mgeni kwenye mtaa usio na namba za nyumba: shuka kituoni, pita msikitini, nyumba ya tatu kushoto baada ya mwembe. Maelekezo hayo yanafaa mradi msikiti na mwembe bado vipo. Porini, msalaba wa mbao huliwa na mchwa, na masika moja hutosha kufunika kaburi kwa majani na mianzi. Kilichobaki mahali pake ni reli. Upande wa Burma, kambi ziliitwa kwa kilomita kutoka Thanbyuzayat, reli ilikoanzia: kambi ya 55, kambi ya 105. Kwa hiyo aliyeandika kambi, safu, namba ya kaburi na jina alikuwa ameshamwelekeza mgeni ambaye angefika miaka miwili baadaye. Reli ndiyo iliyokuwa msikiti wake.

Ilibaki kuilinda karatasi yenyewe. Mweka hazina makini wa kikoba haweki daftari moja tu. Nakala huiweka nyumba nyingine, moto ukizuka hesabu isipotee. Mateka nao walifanya hivyo. Orodha ziliwekwa ndani ya chupa na makopo, zikafukiwa ardhini, nyingine makaburini kabisa. Brigedia Arthur Varley wa Australia, aliyeongoza mateka upande wa Burma, aliacha kumbukumbu zake zimefukiwa, na zilifukuliwa baada ya vita. Yeye mwenyewe alipotea baharini Septemba 1944, meli ya Kijapani iliyombeba ilipozamishwa na nyambizi ya Marekani. Hana kaburi.

Septemba 1945, wiki chache tu baada ya Japani kusalimu amri, kundi la watu 13, wengi wao waliotoka kifungoni juzi juzi, lilipanda tena reli ile ile likiwa na orodha mkononi. Wangeweza kwenda nyumbani. Walikuta viwanja vya maziko 144, vyenye makaburi zaidi ya 10,000.

Si kila jina lina mwili chini yake. Waliokufa kwa kipindupindu walichomwa ili ugonjwa usisambae, na hapo Kanchanaburi majivu ya watu 300 yamo katika makaburi mawili tu. Majina yao yako ukutani.

Pia kuna ambao hawakuandikwa kabisa. Vibarua wa Kiasia kwenye reli hiyo, Watamil kutoka Malaya, Waburma, Wajava, wanakadiriwa kufa kati ya 80,000 na 100,000. Hawakuwa na maofisa wao wa kutunza orodha, na vibao vile vya shaba haviwahusu. Hilo sisi tunalijua. Wapagazi wa Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo wa jeshi la Uingereza, walioacha jina Kariakoo pale Dar es Salaam na Kariokor kule Nairobi, walikufa kwa makumi ya maelfu katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na tume ile ile ya makaburi ya vita inayotunza Kanchanaburi iliwaacha wengi wao bila kuwaandika popote. Mwaka 2021 iliomba radhi, na sasa inayatafuta majina yao kwenye karatasi za zamani.