Je, wajua kwa nini chuo kinaweza kujaa wahandisi na bado kisizae kampuni?

Marekani ina vyuo vikuu vipatavyo mia moja vilivyoanzishwa kabla ya 1964 kwa ajili ya kuwasomesha Wamarekani weusi, enzi ambazo vyuo vingi vingine viliwafungia milango. Howard, Tuskegee, Spelman na Morehouse ni baadhi yake. Kila panapozungumzwa kukuza ujasiriamali wa teknolojia kwenye vyuo hivi, swali ni lilelile: mbona kampuni kubwa hutajwa pamoja na Stanford, chuo cha California, si pamoja na Howard?

Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa kwamba kinachokosekana ni ujuzi. Niliamini kuwa wanafunzi wakipatiwa kompyuta, walimu wa programu na mashindano ya ubunifu, kampuni zitafuata zenyewe. Nilikosea, na inafaa kulifumua kosa hili kwa sababu misaada mingi imejengwa juu yake.

Vyuo hivi ni karibu 3% tu ya vyuo vya Marekani, lakini karibu robo ya Wamarekani weusi wanaopata udaktari wa sayansi na uhandisi walipata shahada ya kwanza huko. North Carolina A&T, ambako walitoka wanafunzi wanne walioketi mwaka 1960 kwenye kaunta ya chakula ya wazungu pekee mjini Greensboro na kukataa kuondoka, kinaongoza nchini kwa kutoa wahandisi weusi. Gladys West, ambaye hesabu zake za umbo la dunia zilisaidia kuwezesha GPS, alisoma Virginia State. Jewel Burks Solomon, mhitimu wa Howard, alishiriki kuanzisha Partpic, programu ya kutambua kipuri kwa kukipiga picha. Amazon ikainunua mwaka 2016. Ujuzi upo, tena wa siku nyingi.

Kilichopungua ni wakfu.

Watu wa pwani wanaijua nyumba ya wakfu. Haiuzwi, kodi yake ndiyo inayonunua mikeka na kulipia taa za msikiti, mwaka nenda mwaka rudi. Vyuo vya Marekani navyo huwekeza fedha za wafadhili na kutumia sehemu ndogo tu kila mwaka, kwa kawaida 4% au 5%. Sasa fikiria misikiti miwili ya mtaa mmoja: huu una nyumba hamsini za wakfu, ule una moja. Paa likivuja, wa kwanza unaezeka upya na bado unabakiwa na fedha za kujaribu kuchimba kisima. Kisipotoa maji, wanachimba kingine. Wa pili wakichimba kisima kikawa kikavu, mwezi ule taa hazilipiwi. Si kwamba imamu wao ni mvivu au hajui kuchagua mahali pa kuchimba. Hana nafasi ya kukosea hata mara moja.

Hamsini kwa moja sikuitunga. Wakfu wa Harvard ulikuwa zaidi ya dola bilioni 50 mwaka 2023. Wa Howard, ulio miongoni mwa mikubwa kabisa katika vyuo vya weusi, ni kama bilioni 1.

Teknolojia nayo ina visima vikavu vingi. Stanford ilipewa hisa za Google kwa kuiruhusu kutumia uvumbuzi uliofanyika chuoni, ikaziuza kwa dola milioni 336. Hicho ndicho kisima kinachokumbukwa. Hataza nyingi za vyuo, yaani haki za kumiliki uvumbuzi, hazirudishi hata gharama ya kuzisajili, kwa hiyo kufungua ofisi ya hataza peke yake si dawa. Wala wakfu si sababu pekee: Stanford ilizungukwa pia na wawekezaji.

Pengo hili lina historia. Mwaka 2023 serikali ya Marekani iliwaandikia magavana 16 kwamba vyuo vya weusi vilivyo chini ya sheria ya 1890 ya kugharimia vyuo vya kilimo na ufundi vimepunjwa na majimbo yao zaidi ya dola bilioni 12 katika takriban miaka 30. Nyumbani nako ni hivyohivyo: mwaka 2022 familia ya kati ya wazungu ilikuwa na mali ya dola 285,000, ya weusi kama 45,000. Mwanafunzi hana mjomba wa kumkopesha mtaji wa kwanza.

Kisa kinachonivutia kuliko vyote ni cha Lonnie Johnson, mhandisi aliyesoma Tuskegee. Mwaka 1982, akijaribu kifaa cha kupozea kwenye sinki la bafuni kwake, maji yalichomoka kwa kasi akapata wazo la bunduki ya maji. Alitaka kuitengeneza mwenyewe, gharama zikamshinda. Ilifika madukani mwaka 1990, baada ya miaka minane ambayo aliivumilia kwa mshahara wa Jeshi la Anga na wa NASA. Ndiyo Super Soaker. Fedha alizozipata alizitia kwenye maabara yake Atlanta, kutafiti betri na mtambo wa kugeuza joto kuwa umeme.