Mkazo wa joto kazini: maana yake, na kwa nini nyuzi za kwenye simu hazitoshi

Mkazo wa joto ni ile hali ya mwili kukusanya joto haraka kuliko unavyoweza kulitoa. Hakuna nyuzi maalumu za joto la hewa ambazo ukizivuka umeingia hatarini na usipozifikia u salama. Hapo ndipo wasimamizi wengi wanapokosea: huangalia simu, wakaona 32, wakasema mbona leo kawaida tu.

Joto linalomlemea mfanyakazi hutoka pande mbili. Lipo la nje: jua, bati, lami, tanuri la mkate. Lipo pia analolizalisha mwenyewe. Misuli inapofanya kazi, takriban robo tatu ya nishati inayotumika huishia kuwa joto. Saidia fundi anayepandisha ndoo za zege hadi ghorofa ya tatu anapata moto kutoka ndani hata akiwa kivulini.

Mwili hujitahidi kubaki karibu na nyuzi 37, na njia yake kuu ni jasho. Lakini jasho halipozi kwa kutiririka, hupoza linapokauka juu ya ngozi. Hewa ikishiba unyevu, kama ilivyo pwani wakati wa kaskazi, jasho linadondoka tu. Maji na chumvi vimetoka, joto limebaki.

Ndiyo maana wataalamu wa usalama kazini hutumia kipimo kingine, WBGT (kwa Kiingereza wet bulb globe temperature), kinachojumlisha joto, unyevu na jua, kilichobuniwa Marekani miaka ya 1950 kwa sababu makuruta wa jeshi walikuwa wakianguka kwa joto mazoezini. Kwa kazi ya juani, asilimia 70 ya hesabu hutoka kwenye kipimajoto kilichovikwa kitambaa kibichi, kinachopoa kwa kukauka kama ngozi yenye jasho, asilimia 20 kwenye kipimajoto kilicho ndani ya tufe jeusi linalonasa ukali wa jua, na asilimia 10 tu kwenye joto la hewa, lile tunalotangaziwa redioni. Kwa hesabu za namna hii, kivuli cha Dar es Salaam chenye nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 70 ni kizito kuliko kivuli cha Lodwar, kaskazini mwa Kenya, chenye nyuzi 36 na hewa kavu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 7243 kinaweka ukomo wa WBGT 30 kwa kazi nyepesi na 26 kwa kazi nzito, tena kwa mtu aliyekwisha kuzoea joto. Mchana wa Februari pwani huipita 26 bila taabu.

Hilo la kuzoea lina uzito wake. Mwili huchukua wiki moja hadi mbili kujifunza kutoa jasho mapema na kulinda chumvi, na mtu akikaa nyumbani wiki kadhaa mazoea hayo hupotea. Vifo vingi vya joto kazini hutokea katika siku za mwanzo mwanzo. Kibarua aliyeokotwa getini leo asubuhi, mwenye hamu ya kuonyesha kwamba anajituma ili aitwe tena kesho, ndiye aliye hatarini kuliko wenzake wote. Ushauri wa kitaalamu ni kumwanzishia asilimia 20 ya muda wa kawaida wa kazi ya joto siku ya kwanza na kumwongezea kidogo kidogo. Kwetu hufanywa kinyume, mgeni ndiye anayepewa koleo.

Mabadiliko ya tabianchi yanaingiaje hapa? Mwaka 2024 wastani wa joto la dunia ulizidi ule wa kabla ya enzi ya viwanda kwa takriban nyuzi 1.55. Nyuzi moja na nusu inasikika ndogo, lakini mtu anayefanya kazi nzito pwani alishakuwa ukingoni, hana akiba ya kulipokea ongezeko. Usiku nao umepashwa, na aliyelala chumba cha bati anaamka hajapoa. Katika ripoti ya Aprili 2024, Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilikadiria kwamba wafanyakazi bilioni 2.4 hukutana na joto kali kazini kila mwaka, na kwamba joto hilo husababisha majeraha milioni 22.85 na vifo 18,970.

Tazama pengo kati ya majeraha na vifo. Watu hudhani hatari ya joto ni kuzimia, kumbe kabla ya hapo akili hulegea, mikono huteleza kwa jasho, miwani ya kinga hufanya ukungu ikavuliwa. Mtu anaanguka kutoka kwenye jukwaa la miti na daftari la ajali linaandikwa "aliteleza". Mpulizaji wa viuatilifu shambani naye huvua koti na barakoa kwa sababu havivumiliki, wakati huohuo joto linaifanya dawa igeuke mvuke haraka zaidi.

Kuna madhara yanayokuja polepole, na figo ndizo zinazolipa. Mwaka 2002 madaktari wa El Salvador walichapisha taarifa ya wagonjwa wengi wa figo wasiokuwa na kisukari wala shinikizo la damu, aghalabu wanaume wa mashambani. Ugonjwa huo umeandama hasa wakata miwa wa Amerika ya Kati, na joto pamoja na kukaukiwa maji siku baada ya siku vimo mstari wa mbele katika maelezo ya chanzo chake. Mkata miwa hulipwa kwa kiasi alichokata, hivyo kila dakika ya kupumzika anaikata kwenye ujira wake. Mwambie anywe maji na akae kivulini, atakujibu kwamba watoto hawali kivuli. Kwa maoni yangu mazungumzo yote ya joto kazini yaanzie hapa. Mapumziko yasiyolipwa si kinga. Mradi mmoja wa El Salvador ulipowapa wakataji maji, kivuli, mapumziko yaliyopangwa na mapanga bora, miwa iliyokatwa na kila mtu kwa siku iliongezeka.

Wakati mwingine tabianchi haimwongezei mtu joto, inamhamishia hatarini. Zanzibar, kilimo cha mwani kilianza mwishoni mwa miaka ya 1980 na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Bahari ya kina kifupi imepata joto, na aina ya cottonii, yenye bei nzuri kuliko aina nyingine ya mwani, spinosum, imekuwa ikifa. Njia iliyojaribiwa ni kuihamishia kwenye maji ya kina zaidi, yaliyo baridi. Mwani unastawi, lakini mama aliyezoea maji ya magotini sasa anahitaji chombo, na wengi hawakufunzwa kuogelea. Tena ushauri wa "fanyeni kazi alfajiri" haumsaidii aliyebaki ufukweni. Maji ya bamvua, yanayotoka mbali kuliko siku nyingine, hupwa kuanzia katikati ya asubuhi kuelekea adhuhuri, naye hufuata maji, si saa ya ofisi.

Sheria zinaweza kutaja namba. Qatar, ambako vijana wengi wa Kenya na Uganda huenda kufanya ulinzi na ujenzi, iliamua mwaka 2021 kwamba kazi za juani zisimame kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, tangu Juni 1 hadi Septemba 15, na kwamba WBGT ikipita 32.1 kazi isimame saa yoyote. Namba hiyo ni ya juu mno kwa kazi nzito, ukiilinganisha na ile 26, ila angalau inapimika. Kwetu, sheria za usalama na afya mahali pa kazi, ya Tanzania ya 2003 na ya Kenya ya 2007, zinamtwika mwajiri wajibu wa kumlinda mfanyakazi. Maji ya kunywa kwenye eneo la ujenzi si hisani ya bosi.

Kwa kiasi, inashauriwa kikombe kimoja kila dakika 15 hadi 20, bila kungoja kiu. Mwenzako akilalamika kichwa, kichefuchefu au misuli kukaza, mtoe juani. Akianza kuongea ovyo, kupepesuka au kuzimia, hicho ni kiharusi cha joto, yaani mwili umeshindwa kujipoza, hata kama bado anatoka jasho. Itisha gari la wagonjwa, mvue nguo nzito, mmwagie maji mwili mzima na kumpepea wakati mnasubiri, wala usimnyweshe kitu asiyejitambua.