Je, wajua kwa nini injini ya Spitfire ilikatika rubani alipoinamisha pua ghafla?

Mwaka 1940, katika Vita vya Pili vya Dunia, rubani wa Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, angeweza kumfuata adui hadi karibu kabisa, kisha akamkosa kwa tendo moja tu. Mjerumani aliyekuwa ndani ya Messerschmitt Bf 109 alisukuma usukani mbele, ndege ikazamisha pua na kushuka kwa kasi. Mwingereza akiiga, injini yake ya Rolls-Royce Merlin ilikohoa, ikapoteza nguvu na kutoa moshi mweusi. Ilipochangamka tena, adui alikuwa keshafika mbali. Hurricane, ndege nyingine ya kivita ya Uingereza, nayo ilitumia Merlin, kwa hiyo iliteseka vivyo hivyo.

Maelezo yanayorudiwa sana ni kwamba petroli iliruka juu na injini ikabaki na njaa. Hiyo ni nusu tu ya habari, tena nusu iliyo ndogo. Njaa yenyewe ilikuwa ya muda mfupi mno. Kilichoiangusha Merlin hasa ni shibe: sekunde chache baadaye ilimwagiwa petroli nyingi kuliko ilivyoweza kuchoma. Moshi ule mweusi ndio ushahidi, kwa sababu injini iliyokosa mafuta haitoi moshi wa namna hiyo.

Ili kuelewa, fikiria tangi la choo cha kuvuta. Maji yakipungua, boya linashuka na kufungua vali. Yakijaa, boya linapanda na kuifunga. Mpango wote unategemea maji kukaa chini na boya kuelea juu yake. Sasa lichukue tangi zima ulivute kwenda chini kwa kasi kuliko kitu kinachoanguka chenyewe. Maji yatakimbilia kwenye mfuniko. Boya, ambalo siku zote husukumwa upande usio na maji, litateremka hadi kwenye kitako. Na vali inachokijua ni kimoja tu: boya likiwa chini, tangi ni tupu. Basi inafunguka hadi mwisho, ilhali tangi limejaa.

Kabureta ya Merlin, yaani chombo kinachochanganya petroli na hewa, ilikuwa na chemba ya petroli yenye boya la namna hiyo. Rubani alipoinamisha pua ghafla, mwili wake uliinuka kitini ukazuiwa na mikanda, na petroli nayo ikapanda juu ya chemba. Matundu ya kupeleka mafuta kwenye injini yalikuwa chini, yakabaki makavu, na injini ikakohoa mara ya kwanza. Wakati huohuo boya lilikuwa limeshafungua vali wazi. Pampu, yenye uwezo wa kusukuma mafuta mengi kuliko mahitaji ya injini, ilijaza chemba hadi ikafurika. Ziada ikavutwa na supachaja, ile feni inayoshindilia hewa ndani ya injini, ikaingia kwenye silinda zote 12. Petroli ikawa nyingi, hewa haikutosha kuichoma. Rubani akiendelea kuinamisha, injini iliweza kuzimika kabisa.

Kwa hiyo dawa haikuwa kuongeza mafuta, ilikuwa kuyabana. Aliyeligundua hilo ni Beatrice Shilling, mhandisi wa kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough. Alikuwa pia mwendesha pikipiki wa mashindano. Mwaka 1934 alizunguka uwanja wa Brooklands juu ya Norton kwa mwendo wa takriban kilomita 170 kwa saa. Alibuni kipande kidogo cha shaba ya njano chenye tundu katikati, kikawekwa kwenye bomba la petroli kabla ya kabureta. Ustadi wote uko kwenye ukubwa wa tundu. Likizidi, mafuriko yanabaki palepale. Likipungua, injini inanyimwa nguvu wakati wa kupaa. Alilipima lipitishe kiasi kile tu ambacho injini hula inapofanya kazi kwa nguvu zake zote. Kilifungwa bila ndege kuondolewa kazini, na Shilling mwenyewe alizunguka viwanjani kwa pikipiki pamoja na kikundi chake kusimamia kazi hiyo.

Hapa kuna kosa jingine linaloenea: eti kipande hicho ndicho kilichowaokoa Waingereza katika Vita vya Uingereza vya angani. Mapigano hayo yalianza Julai 1940 yakaisha Oktoba. Kipande cha Shilling kilianza kufungwa mwaka 1941. Marubani wa 1940 walipigana na kasoro yao ikiwa palepale, na njia yao ilikuwa kugeuza ndege tumbo juu kwanza, kisha kuvuta usukani na kuzama hivyo. Kwa kuvuta, mwili ulibaki umekandamizwa kitini na petroli ikabaki chini ya chemba. Ilifanya kazi, ila mgeuzo ule ulikula muda ambao adui hakuupoteza.

Bf 109 haikuwa na shida hii kwa sababu injini yake ya Daimler-Benz DB 601 ilipuliziwa petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Si haki kusema Rolls-Royce walilala. Petroli inayogeuka mvuke kabla ya supachaja huipoza hewa, na hewa iliyopoa hushindiliwa kwa wingi zaidi. Merlin yenye silinda za ujazo wa jumla wa lita 27 ilishindana na DB 601 ya karibu lita 34, na kupoza huko ni sehemu ya sababu. Kabureta ilikuwa chaguo lenye faida na gharama yake.

Kipande cha Shilling nacho kilikuwa na mpaka. Kilizuia mafuriko, lakini hakikumwezesha rubani kuruka kichwa chini kwa muda mrefu. Hilo lilingoja kabureta za shinikizo za Bendix-Stromberg, zilizoingia kwenye Merlin mpya kuanzia 1943, ambazo hazikutegemea boya kupima petroli.