Kusudi la maisha: dhana zinazowakalisha vijana barazani

Hapa Lamu mtoto akimaliza fomu foo kila mtu anamwambia "tafuta kusudi lako", basi anakaa barazani na simu akingoja siku moja moyo umwambie yeye ni wa nini, na miezi inaenda. Hii ndio dhana inayoniuma kuliko zote, ati kusudi liko mahali limeshakamilika, kazi yako ni kuliokota tu. Si kweli. Mwaka 2018 wanasaikolojia Paul O'Keefe, Carol Dweck na Gregory Walton walionyesha kuwa mwenye kuamini hivo hamu inamuisha upesi mambo yakiwa magumu, manake anajiambia kumbe hii haikuwa yangu. Anayeamini kwamba mapenzi ya kitu hukuzwa, huyo anavumilia.

Nenda kijiji cha Matondoni, hapa hapa Lamu, uone jahazi likiundwa. Kijana anayejifunza anatiwa kwenye kalafati, pamba imelowa mafuta, anaishindilia kwenye maungio ya mbao kidogo kidogo, jua kali, mgongo unamuuma, na siku hiyo ukimuuliza kama anaipenda kazi atakwambia anataka kwenda nyumbani. Mapenzi yanakuja baadae mkono ukishazoea. Sasa angengoja apende kwanza, nyundo angeishika lini?

Halafu kuna hii ya kwamba lazima liwe jambo kubwa. Hapana jamani! Watafiti Amy Wrzesniewski na Jane Dutton waliwasikiliza wafanyikazi wa usafi wa hospitali kule Marekani, wengine walisema wanapiga deki tu, wengine kazi hiyo hiyo wakaiona ni sehemu ya kumponya mgonjwa.

Wala si lazima likulipe. Wako watu hapa mchana wanavusha abiria Shela kwa boti, jioni wanasomesha watoto chuoni, yaani madrasa, na ukitaka kujua roho zao ziko wapi waangalie hiyo jioni.

Na we mama unaesema umri ushapita, utafiti wa Hill na Turiano wa 2014 uliwafuata Wamarekani zaidi ya 6,000 kwa miaka 14, wenye kusudi walikuwa na uwezekano mdogo wa kufariki katika muda huo, vijana kwa wazee. Haimaanishi kusudi ni dawa, lakini hujachelewa.

Kama una kijana nyumbani hajui ashike lipi, usimuulize ndoto yake. Muulize ni kazi gani ikimshika anasahau simu, kisha mtafutie fundi wa kazi hiyo akakae nae miezi kadhaa, hata kama atanung'unika.