"Kaachiwa, Kesi Imekwisha": Tunayoyakosea Kuhusu Rufaa za Dawa za Kulevya

Hakimu akitamka kwamba mshtakiwa hana hatia, nje ya mahkama hapa Chake Chake husikika vilio vya furaha, na jioni ile ile barazani huanza minong'ono. Nimefanya kazi ya usaidizi wa sheria Pemba kwa miaka kadhaa. Nimekaa na mama wa kijana aliyeachiwa, nikakaa pia na jirani yake ambaye mwanawe amemalizwa na unga. Wote wawili huniuliza mambo yale yale, na mengi wanayoyaamini siyo.

"Akishaachiwa, basi."

Sivyo. Mkurugenzi wa Mashtaka, yaani mkuu wa waendesha mashtaka wa Serikali, naye ana haki ya kukata rufaa. Hukumu ya mahkama ya chini huweza kupelekwa Mahkama Kuu, na ikitoka huko bado ipo Mahkama ya Rufani ya Tanzania, ambayo husikiliza rufaa za jinai za Zanzibar pia. Kwenda ngazi hiyo ya juu, taarifa ya kusudio la rufaa hutolewa ndani ya siku 30.

Wapo pia wanaochanganya maneno. Kuachiwa huru kwa hukumu si sawa na shauri kuondolewa mahkamani kabla halijaamuliwa. Shauri likiondolewa tu, mtu anaweza kushtakiwa upya kwa jambo lile lile.

"Hakimu kapewa kitu."

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu linatuzuia kuona palipoharibika. Siku moja nilikaa benchi la nyuma mahkamani, bahasha ya kaki ikawekwa mezani, lakiri yake imepasuka pembeni. Askari aliyekamata alisema kete zilikuwa 52, alizihesabu mbele ya sheha, kiongozi wa Serikali mtaani. Ripoti ya maabara ikasema 47. Mtunza vielelezo, yaani vitu vya ushahidi, hakuitwa kabisa, na rejista haikuonesha bahasha ililala wapi kabla ya kusafirishwa kwenda Unguja kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Hakuna aliyebisha kwamba kilichopimwa ni heroini. Swali lilikuwa moja tu: ni zile zile alizokamatwa nazo kijana huyu? Hakimu hakupata jibu, akamwachia.

Mahkama ya Rufani imeshaeleza kwamba safari ya kielelezo ionekane kwa mpangilio: nani alikikamata, nani alikitunza, alimkabidhi nani, nani alikipima, na kilifikaje mbele ya hakimu. Lakini msidhani karatasi moja ikikosekana kesi imekufa. Ushahidi wa mdomo unaweza kuziba pengo, mashahidi wakieleza makabidhiano kwa mfululizo na bila kugongana. Aina ya kitu nayo hutazamwa. Gunia zima la bangi si rahisi kubadilishwa bila mtu kujua; kete inayofichika kiganjani ni rahisi.

Hapo ndipo rufaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka hupata nguvu. Kama hakimu aliachia kwa kasoro ndogo ya maandishi, ilhali mashahidi waliifuata bahasha hatua kwa hatua, Mahkama Kuu inaweza kutengua hukumu na kumtia mtu hatiani. Kama ni kete tano zisizojulikana zilipokwenda, mwendesha mashtaka ana mlima mrefu wa kupanda.

"Sheha na askari wataitwa tena."

Kwa kawaida hawaitwi. Rufaa husikilizwa kwa kumbukumbu za kesi: maelezo ya mashahidi, vielelezo na hukumu yenyewe. Rufaa ya kwanza hupitia ushahidi wote upya, ila majaji huwa waangalifu kumpinga hakimu aliyewaona mashahidi kwa macho wakijibu. Rufaa ya pili hujikita kwenye hoja za sheria. Wala huku si kushtakiwa mara mbili; ni kesi ile ile inayopanda ngazi.

"Serikali itaomba kesi ianze upya, irekebishe makosa yake."

Inaweza kuomba, lakini tangu mwaka 1966, enzi za Mahkama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, msimamo ni kwamba kesi hairudishwi kuanza upya ili upande wa mashtaka upate nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake. Huamriwa pale usikilizaji wa mwanzo ulipokuwa batili au wenye kasoro za kisheria, na haki ikitaka hivyo.

Mama yule aliniuliza kama polisi watakuja kumchukua mwanawe usiku. Nilimwambia aliyeachiwa ana haki ya kupewa hati ya rufaa na kusikilizwa kabla hukumu yake haijaguswa. Nikamwomba achukue nakala ya hukumu yenye mhuri aiweke sandukuni, na kijana akihamia Unguja kutafuta kazi, amuage sheha na kumwachia namba ya simu, ili hati ikija imkute.